Subaru Linakula Oili? Pima Kwanza Kabla Hujakubali Injini Ishushwe

Juzi kijana mmoja wa Lindi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina Impreza ya turbo, kila nikikaa kidogo naongeza oili, na chini ya gari sioni tone. Fundi kasema ringi zimekwisha, anataka tushushe injini. Niuze au nitengeneze?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilimjibu kwa kifupi kwamba asishushe chochote kwanza. Baadaye nikaona bora niandike kwa kirefu, maana huku kwetu Kusini wanaopenda gari lenye mbio tunafahamiana, na maneno hayo ya ringi, yaani pete za pistoni zinazozuia oili isipande kuungua, tumeambiwa karibu wote.

Langu ni Subaru Impreza WRX ya chasisi ya GDA, injini EJ205, cc 1,994, na turbo yake. Nalipenda na sioni haya kusema. Nilipolileta Shangani, hapa Mtwara, baraza zima lilikuwa na la kusema. Mzee mmoja jirani alinihakikishia kwamba Subaru ni mke mdogo, ukimpa anataka tena na usipompa ananuna. Sikumjibu, ni mzee wangu. Lakini haikupita miezi mingi oili ikaanza kushuka kweli, karibu lita moja kila kilomita elfu. Injini ile inabeba lita nne na kitu. Kwenda Dar na kurudi Mtwara ni kilomita zipatazo 1,100, kwa hiyo safari moja tu bila kuongeza, karibu robo ya oili imeshaondoka.

Fundi niliyekuwa namwamini alisikiliza injini dakika mbili tatu, akafuta mikono, akasema, "Bosi, ringi hizi. Tushushe." Hakuchomoa plagi hata moja. Hakuuliza oili inashuka kiasi gani. Nilipomwomba tupime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, alicheka mbele ya wasaidizi wake, akasema geji ni mambo ya watoto wa intaneti, yeye anatumia sikio. Wasaidizi nao wakacheka. Kicheko kile bado ninacho mpaka leo.

Basi nikaamua kulipima gari mwenyewe, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Oili ina njia mbili kubwa za kupotea: inavuja nje, au inaungua ndani ya silinda. Ipo ya tatu, ya kuingia kwenye maji ya rejeta, lakini hiyo ukifungua kifuniko utaona utando wa oili juu ya maji. Kabla hujajua ni njia ipi, pesa yoyote unayotoa gereji ni sadaka.

Kupima hakuhitaji elimu kubwa. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri kama dakika kumi oili irudi kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, vuta stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe, vuta tena. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita. Endesha kama kawaida, kisha ongeza oili kwa chombo chenye vipimo mpaka irudi alama ile ile. Sasa unayo namba. Injini ya turbo yenye umri kutumia kidogo ni kawaida, hata watengenezaji wenyewe wanakubali hilo. Ila "inakula sana" si kipimo.

Baada ya namba nikataka kujua kama inaungua. Mtu wa Dar atahangaika kutafuta kilima, sisi tunayo Newala. Nikapanda uwanda wa Makonde kupitia Nanyamba na Tandahimba, mdogo wangu akinifuata nyuma na Noah, kazi yake moja tu, kutazama ekzozi. Ukiwa unapanda mlima kwa nguvu, moshi wa bluu usiokatika unaonyesha ringi au turbo. Kushuka kuna habari nyingine. Ile barabara ya kutoka Newala kuelekea Masasi, ukishuka na gia ndogo mguu umeuondoa kwenye mafuta, injini inavuta hewa isiyoipata, na mvuto ule unanyonya oili kupitia sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili, kama zimechoka. Chini ya mteremko ukikanyaga mafuta ghafla, wingu la bluu linatoka mara moja kisha linaisha. Hapo unajua ni sili za valvu, wala si ringi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, usiuhesabu.

Nikakanyaga. Mdogo wangu akapiga simu: "Kaka, naona vumbi tu."

Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Lakini kucheka hakutoshi kwa mtu aliyeambiwa ni mtoto wa intaneti, nikaagiza geji ya kompresheni kutoka Gerezani, Dar, ikaja na basi. Kuchomoa plagi za Subaru ni adhabu, kwa sababu silinda zimelala ubavuni na mkono unapita pembeni ya chasisi. Zilipotoka, mbili zilikuwa zimelowa oili upande wa juu, ule wa koili, huku ncha zake zikiwa kavu. Hiyo peke yake ilikuwa jibu nusu, oili ilikuwa inaingia kwenye mashimo ya plagi kutoka juu na haikuwa inatoka silinda. Geji ikasema silinda zote nne ziko juu kidogo ya 140 psi na zinakaribiana. Ringi zilizokwisha kwa kawaida hazisomi hivyo. Kama silinda moja ingekuwa chini, ningeweka kijiko cha oili ndani na kupima tena. Namba ikipanda sana ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi.

Tatizo langu lilikuwa wapi? Valvu ya PCV, kadude kadogo kanakokaa kiganjani. Hata injini nzima kabisa hupitisha gesi kidogo pembeni ya pistoni kwenda chini, na gesi hiyo lazima itoke. PCV ndiyo inayoirudisha ikaungue. Ikiziba, gesi inajaa na kusukuma oili itokee penye sili dhaifu kuliko zote. Ya kwangu niliitikisa sikioni, haikulia, imeganda. Mipira yake ilikuwa imekakamaa na ina ufa. Fundi anayebadilisha sili bila kuitazama PCV atakuuzia sili ile ile tena baada ya muda, na utamshukuru.

Gesi ile ilikuwa imeshaharibu gasketi za tapeti kava, yaani vifuniko vya valvu. Na hapa ndipo penye fumbo la "sioni tone chini". Kwenye injini ya Subaru tapeti kava zinakaa ubavuni, na ekzozi inapita chini yake. Oili ikidondoka inaangukia kwenye bomba la moto na kuungua kabla ya kufika ardhini. Utasikia harufu ukisimama, mimi nilikuwa naisikia kila nikisimamishwa na trafiki pale Mnazi Mmoja ya Lindi. Inayosalia inatua kwenye sampu gadi, lile bamba la kukinga sampu, vumbi linaganda juu yake, na ukitazama kwa chini unaona uchafu badala ya uvujaji. Ndiyo maana osha injini kwanza, ikauke, endesha siku chache, kisha tazama kwa tochi. Tazama kuanzia juu, kwa sababu oili inashuka na sehemu iliyolowa chini mara nyingi haina kosa.

Nikaagiza gasketi, sili za mashimo ya plagi, PCV na mipira yake kwa pamoja. Agiza vyote kwa pamoja, nasisitiza. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar kule Somanga, wapo waliobaki na gari lililofunguliwa wakisubiri sili moja.

Kuhusu silikoni, fundi wangu wa sasa anapaka uzi mwembamba pale kwenye kona tu. Wale wanaoijaza kila mahali hawakwambii kwamba inayobaki ndani hukatika vipande, vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Gari linaacha kuvuja na linakufa.

Matokeo? Wiki iliyopita nimetoka Dar, nimefika Mtwara, stiki haijashuka hata nusu ya alama. Nilipita pale gereji ya kicheko. Nilisimama makusudi nikaacha injini inanguruma. Alitoka, akatazama ekzozi, akarudi ndani.

Sasa niwaambie ukweli vijana wenzangu, hata kama mtanuna. Gari hizi hamzistahili kama hamvuti stiki. Mnajua bei ya rimu, mnajua sauti ya ekzozi, stiki hamjui iko upande gani. Taa nyekundu ya oili haikwambii oili imepungua, inakwambia presha imeondoka, na ikiwaka ukiwa mbio kwenye ule unyoofu wa kuelekea Mingoyo, beringi za koneksheni rodi zimeshaanza kusagika. Ukikata kona kwa kasi na oili ni pungufu, oili inakimbilia pembeni na pampu inavuta hewa. Kila ukijaza petroli, vuta stiki. Kila ukijaza. Hata kama jana uliivuta.

Na acheni kuficha ugonjwa kwa oili nzito ya 20W-50. Namba ya pili ni uzito wa oili injini ikiwa ya moto. Oili nzito inapunguza uvujaji kwa muda, lakini turbo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika inataka oili ifike haraka kwenye shafti yake kupitia bomba jembamba. Kwa EJ205 yenye kilomita nyingi na joto letu la pwani mimi natumia 5W-40, basi. Dawa za kuzuia moshi zinazouzwa kwenye vichupa siziwekei hata pikipiki. Na ukitoka mwendo mkali usizime papo hapo, iache injini ingurume taratibu kidogo, vinginevyo oili iliyobaki kwenye turbo inaungulia humo humo na kuwa masizi.

Ukifika wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi, badilisha na sili za kemshafti na ya mbele ya krenki, kwa sababu oili ikiudondokea mkanda inauharibu, na mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinapinda.

Wanaotaka kupimiwa kompresheni waje Shangani Jumamosi asubuhi na soketi yao ya plagi. Wapo walioanza kuomba niwaazime geji wakapime wenyewe, akiwemo msaidizi mmoja wa gereji ile ile. Siazimi.