Usiwahubirie msamaha

Nairobi, Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaweka simu kando na kuchukua kalamu. Unasema jana mlipelekwa Nyamata, lile kanisa la Rwanda lililogeuzwa kumbukumbu ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, na kiongozi wenu wa misheni amekupa neno la Jumapili katika kanisa la jirani. Tangu utoke mle ndani kila mstari unakukwama kooni. Unaniuliza, "Mama, niwaambie nini watu hawa?"

Mimi nilifika hapo 2009 na akina mama wa kanisa letu. Tulikwenda kwa basi kupitia Kampala, tukiimba mapambio njia nzima. Zile nguo za waliouawa zilikuwa zimerundikwa juu ya mabenchi, zote zimekuwa rangi moja ya vumbi. Jicho langu likanasa kwenye sweta ya mtoto, kiwiko kimetiwa kiraka kwa uzi usiofanana. Kuna mama aliketi jioni akakishona, ili sweta imfae mwanawe mwaka mwingine. Juu yetu bati lilikuwa na matundu, jua likipenya vitone vitone hadi sakafuni. Maneno ya mwenyeji wetu sikuyasikia tena, na kurudi hatukuimba.

Watu wale walikimbilia kanisani kwa sababu kanisa lilikwisha kuwaokoa. Mwaka 1992 Watutsi wa Bugesera, eneo lilipo kanisa hilo, waliposhambuliwa, walijificha humo wakapona. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyefanya kazi pale, alipiga simu kwa redio za Ulaya kueleza yanayotendeka, akapigwa risasi. Kaburi lake liko hapo nje. Kama mlilipita, rudi ulione. Aprili 1994 watu wakaurudia mlango ule ule, na safari hii haukuwasaidia. Waliowajia na maguruneti na mapanga, wengi wao walikuwa wamebatizwa kama wewe na mimi. Ndiyo maana neno linakukwama, na ningeogopa zaidi kama lingekutoka kirahisi.

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ulikuwa na miaka minane, tunakaa Huruma, hapa Nairobi. Umesikia huko jinsi redio ya RTLM ilivyowaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Huku kwetu neno lilikuwa madoadoa, yaani watu wa kabila jingine wanaoonekana kama doa mahali. Mwenzetu mmoja wa maombi alilitamka sebuleni kwangu, chai iko mezani: madoadoa waondoke kwenye ploti hii. Sote tulijua anamsema nani. Nikamwongeza chai. Siku ya tatu jirani yetu, yule mama aliyekuwa akikusuka nywele, alipakia godoro na sufuria kwenye mkokoteni akaenda kambi ya waliofukuzwa makwao, pale Jamhuri. Uliniuliza anahamia wapi, nikakwambia anakwenda kusalimia kwao. Wiki hiyo hiyo kanisa la Kiambaa kule Eldoret lilikuwa limechomwa, akina mama na watoto wakiwa ndani. Nilililia kanisa la Kiambaa, huku mlango wa mwenzangu uko wazi na nyumba tupu.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwahubirie msamaha. Hao wameketi kwenye majani, katika gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji yale, wakisikiliza majirani wakieleza walivyoua na walikotupa miili. Hadi zilipofungwa 2012 zilikuwa zimesikiliza karibu kesi milioni 2. Kuna mjane anayechota maji kisima kimoja na aliyemuua mumewe. Bei ya msamaha anaijua yeye. Sisi wa siku kumi, na tiketi za kurudi mfukoni, tutamwambia nini?

Mwombe kiongozi wenu kwa heshima mzee wa pale ndiye asimame, nyinyi mkae mkao wa kusikiliza. Ikibidi usimame, soma Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila haleluya, kisha uketi. Picha za mafuvu usipige, wala usitume kwenye kundi la kanisa, hata mchungaji akiziomba. Ukiulizwa unatoka wapi, sema Kenya, na ukiulizwa huko kwenu mambo yakoje, usiseme sisi ni watu wa amani. Waeleze ya mkokoteni. Nimekuruhusu.

Yule mama sasa anakaa Ruai. Namba yake nilipewa miaka minne iliyopita na sijawahi kuipiga. Nitaipiga kesho asubuhi kabla sijaenda sokoni, na akikubali kupokea nitamwambia umemkumbuka.

Mkivuka mpaka nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako