Mke wangu ananiita mcheza kamari kwa sababu ya minada ya senti

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume na baba wa watoto wawili, ndoa yetu ina miaka kumi na moja. Nina kazi, silewi, sirudi nyumbani usiku wa manane. Tatizo langu ni mke asiyenielewa. Tangu mwaka jana nashiriki minada ya senti mtandaoni. Kwa asiyeijua: unanunua madau kwanza, kila dau unalolipiga linapandisha bei ya bidhaa kwa senti moja na kuongeza sekunde kwenye saa, na saa ikifika sifuri wewe ukiwa wa mwisho, mali ni yako kwa bei hiyo. Nimeshinda kompyuta kibao kwa dola 23 na senti 40, wakati dukani ni zaidi ya dola 300. Nimeshinda pia blenda na vocha kadhaa. Badala ya kunipongeza, mke wangu amehamisha hela zote kutoka akaunti yetu ya pamoja, amezificha kadi, na amemwambia mama yangu mzazi kwamba nacheza kamari. Mama naye kamuunga mkono! Natumia hela ndogo ndogo tu, tena zangu, na ni usiku wakati wao wamelala, simsumbui mtu. Siku hizi kuna watu watatu wale wale wananipiku kila mara, hata saa tisa usiku. Naomba unijibu: tovuti hizi zinawatendea haki wapiga dau? Na umwambie mke wangu kwamba mnada si kamari. Wako, Mshindi Asiyeeleweka.*

Marahaba, Mshindi. Kusemwa mpaka mbele ya mama mzazi kunauma, pole. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mume aliyeonewa, mara ya pili nikayaona uliyoyaruka. Bei uliyoshindia kompyuta umeitaja mpaka na zile senti arobaini zake. Bei ya dau moja hukuitaja. Madau uliyonunua tangu uanze hukuyataja. Minada uliyoshindwa haimo kabisa, kana kwamba mtu anakesha mwaka mzima na kushinda tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe, baba, daftari lako lina ukurasa wa mapato peke yake.

Tuanze na hiyo kompyuta yako, maana ndiyo unayojivunia. Umesema kila dau linapandisha bei kwa senti moja. Basi bei ikifika dola 23 na senti 40, madau yaliyopigwa ni 2,340. Dau halipigwi bure. Tovuti kubwa za Marekani zilizoea kuliuza kwa senti 60 hivi. Tuseme na yako ni hivyo hivyo: zidisha, utapata dola 1,404. Ongeza zile 23 na senti zake ulizolipa wewe. Kitu cha dola 300 kimeuzwa kwa zaidi ya dola 1,400, na wewe unamwandikia Shangazi kwamba umekipata kwa bei ya kutupwa. Ni kweli, wewe umekipata. Ila kuna watu waliolipia madau yote yale usiku huo wakalala mikono mitupu, na usiku mwingine mmoja wao ulikuwa wewe. Hebu niambie, kwenye hayo 2,340, yako yalikuwa mangapi? Mia tatu? Mia tano? Madau mia tano ni dola 300. Hapo duka lilikuwa wazi na halikudai ukeshe.

Na hizo vocha ni za nini? Naomba usiniambie ni vocha za madau. Tovuti hizi zina tabia ya kunadi pakiti za madau yenyewe, ili mtu alipe madau kupata madau, na najua wengi huziandika kwenye safu ya ushindi.

Umeuliza kama tovuti zinawatendea haki wapiga dau. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nadhani ulitaka nikuambie kwamba umeibiwa, upate wa kumlaumu.

Wezi wapo, hilo halina ubishi. Japani, mwaka 2012, polisi waliwakamata watu waliokuwa wakiendesha tovuti ya namna hii. Programu za kompyuta ndizo zilizokuwa zikipandisha dau, kiasi kwamba mteja wa kweli alikuwa hana njia ya kushinda, na watu maarufu walikuwa wamelipwa waandike kwenye kurasa zao kwamba wamejipatia mali kwa bei ya chini sana. Marekani, mwaka huo huo wa 2012, serikali iliifunga Zeek Rewards, iliyokuwa imejificha nyuma ya tovuti ya minada ya senti. Watu waliahidiwa mgao wa faida ya minada, kumbe karibu pesa yote iliyoingia ilikuwa ya wawekezaji wapya, wanalipwa nayo wale wa zamani. Zilihusika mamia ya mamilioni ya dola, na mwaka 2017 mwenye mradi alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka kumi na minne. Kwa hiyo hao watatu wako wa saa tisa usiku wanaweza kuwa roboti. Wanaweza pia kuwa watumishi wa tovuti wenye akaunti bandia. Kuna uwezekano mwingine ambao hukuufikiria: nyingi ya tovuti hizi zinamruhusu mteja kuiwekea akaunti yake kipiga dau cha kujiendesha, mwenyewe akaenda kulala. Na uwezekano wa nne ni kwamba ni waume za watu, kila mmoja amejifunika shuka juu ya simu, kila mmoja anaandika barua kwa Shangazi wa kwao kulalamika juu yako.

Lakini tuwaache wezi. Tuchukue tovuti safi kabisa, haina roboti wala mpambe, masharti yote yameandikwa. Je, hiyo inakutendea haki? Haikudanganyi, na bado inakukamua. Kwenye mnada wa kawaida, aliyeshindwa anaondoka na hela yake mfukoni. Hapa dalali anatoza kila mkono unaonyooshwa, wa mshindi na wa walioshindwa, na hela hazirudishwi. Msomi mmoja wa uchumi wa Marekani, Ned Augenblick, alizichambua takwimu za Swoopo, tovuti iliyoanzia Ujerumani mwaka 2005 ikiitwa Telebid na ikaja kufilisika mwaka 2011. Alikuta kwamba kwa wastani wapiga dau kwa pamoja walilipa kiasi cha dola 150 hivi kwa kila mali ya dola 100. Hakutafuta roboti. Alichokiona ni binadamu: mtu akishazamisha madau mengi kwenye mnada mmoja, anazidi kuona uchungu kuachia, anaongeza mengine kuyafuata yale yaliyokwisha kwenda. Muda huo saa inashuka, nne, tatu, mbili, unapiga, inarudi juu, anapiga mwingine. Kila mmoja anaamini mwenzake amebakiza dau moja tu. Mzee mmoja wa uchumi, Martin Shubik, alishaandika juu ya mchezo wa ndugu yake na huu mwaka 1971: noti ya dola moja inanadiwa, wa kwanza na wa pili kwa bei ya juu wote wanalipa walichotaja, na watu wazima wenye akili zao wanaishia kuinunua dola kwa zaidi ya dola. Kule walilipa wawili. Kwako wanalipa wote.

Utaniambia tovuti nyingine zina kitufe cha Nunua Sasa, kwamba ukishindwa, gharama ya madau yako inakatwa kwenye bei na unapewa kitu hicho. Ni kweli kipo, na ni afadhali kuliko kutokuwepo. Lakini bei inayokatwa ni ile waliyoipanga wao, na muda wa kukitumia una mwisho. Anayekitumia kila mara hapati hasara kubwa. Amefanya manunuzi ya kawaida kwa usumbufu mwingi. Wewe hukukitaja. Nahisi ni kwa sababu hukwenda kule kununua kompyuta wala blenda.

Ndiyo maana lile ombi lako la kumwambia mkeo kwamba mnada si kamari silitimizi. Sheria za nchi zinatofautiana na wanasheria wana maneno yao. Tume ya Biashara ya Marekani, yenye kazi ya kuwalinda wateja, iliwaonya watu kwamba minada hii kwa mengi inafanana na bahati nasibu kuliko mnada. Mimi nina kipimo cha nyumbani. Mtu anayetaka blenda akishaipata anasaga, habari imekwisha. Mtu aliyeipata blenda na saa tisa usiku bado yuko macho, huyo hakuwa na shida ya blenda.

Sasa mkeo. Unasema hela ni zako, na sentensi mbili nyuma umesema zilikuwa kwenye akaunti ya pamoja. Chagua moja. Unasema humsumbui mtu kwa sababu wamelala. Baba, jambo halali halingoji watu walale. Unasema amekimbilia kwa mama yako, ila umenyamaza kuhusu mara ngapi alikusemesha wewe kwanza. Mwanamke haendi kumshtaki mume kwa mama mkwe siku ya kwanza, anajua fika kwamba kule hakimu ni mzazi wa mshtakiwa. Akifika huko ujue milango mingine ameibisha yote. Na mama mkwe akimsikiliza mkaza mwana, akamwacha mwanawe wa kumzaa, si kwamba amerogwa. Ameonyeshwa kitu. Nadhani ni taarifa ya benki. Umeshaiona wewe?

Mimi niko upande wake, na silifichi. Angetaka kukudhalilisha angewaambia majirani. Yeye amehamisha hela, ameficha kadi, amemwita mtu mmoja unayemheshimu. Huo ni mpango wa mtu anayeokoa nyumba.

Na hili nawaambia wote mnaosoma, si Mshindi peke yake. Wanandoa wa leo wanajua mwenzake kapenda picha ya nani na alikuwa hewani mpaka saa ngapi, lakini hawajui mwenzake anadaiwa nini. Tunachunguzana simu kutafuta hawara, kumbe hawara wa siku hizi hana jina la mtu: ni programu yenye namba ya kadi yako iliyohifadhiwa, haikuombi zawadi, haikununii, inakuita saa yoyote kwa mlio mdogo. Inachukua senti 60, halafu senti 60. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa hivyo tukiwa watoto tuweke akiba. Hatukuambiwa kibaba kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Mume anaona aibu kusema nimepoteza, mke anaona aibu kuuliza, wanapeana migongo kitandani kila mtu na mwanga wake usoni. Wazee wetu waligombana kwa pesa waziwazi, sauti zikavuka ukuta, kesho yake kila mmoja alikuwa anajua kilichobaki ndani. Sisi tumestaarabika, tunafilisika kimya kimya.

Nirudi kwako. Ingia kwenye akaunti yako ya tovuti, fungua historia ya malipo, uandike kila pakiti ya madau uliyonunua tangu siku ya kwanza. Andika kwa kalamu. Pembeni andika ulichoshinda kwa bei ya dukani, vocha za madau uziache nje. Jumlisha pande zote mbili kabla hujasema neno. Kama upande wa ushindi ni mkubwa, niandikie tena na nitamwomba mkeo radhi hadharani. Kama sivyo, mpelekee karatasi hiyo mwenyewe, usingoje aipate. Usianze na ile kompyuta.

Madau ambayo hujayatumia, soma masharti uone kama yanarudishika, na uombe kwa maandishi. Usijidanganye kwamba utayamalizia kwanza ndipo uache. Kama una ushahidi kwamba tovuti ilikudanganya, upeleke kwa benki yako na kwa mamlaka inayolinda wateja huko uliko, mapema, maana pingamizi za malipo zina muda wake. Kwamba ulishindwa na watu watatu usiku si ushahidi. Kisha ondoa kadi, funga akaunti, futa programu. Ukijaribu ukashindwa, ukajikuta umefungua nyingine kwa barua pepe mpya, hapo tafuta mshauri anayewasaidia watu wa kamari, tena uende na mkeo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa mama yako nenda mwenyewe, usimtume mtu.

Na kwa kuwa umeniomba niseme na mkeo: mama, kadi zikae hapo hapo zilipo. Miezi sita kwanza, halafu akuonyeshe taarifa ya benki, ndipo mzungumzie akaunti ya pamoja. Hiyo kompyuta kibao wapeni watoto wasomee, mradi muifute kwanza programu ya mnada.