Kuhamisha umeme wa mtaa kutoka kwenye nguzo hadi chini ya ardhi: ushauri kwa wanaoanza kazi hii

Wengi wanaojiunga na miradi ya kuondoa nyaya za umeme kwenye nguzo na kuweka kebo chini ya ardhi huja wakiamini kwamba kazi kubwa ni kuchimba. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa sababu mitaro na mitambo ndiyo wakazi wanayoiona na kuilalamikia. Baada ya kushiriki miradi ya aina hii kwa muda mrefu, mimi naona ugumu wenyewe uko katika kipindi ambacho mtaa mmoja una mitandao miwili yenye umeme, wa zamani juu na mpya chini, huku nyumba zikihamishwa moja moja. Mengi nitakayowaeleza hapa ni maandalizi ya kipindi hicho, kwa hiyo nawaomba msome yote hata kama kwa sasa mmepangiwa sehemu moja tu ya kazi.

Kwanza fahamuni kwa nini kazi hii inafanywa, maana wakazi watawauliza. Sababu ya kawaida ni upepo na miti. Mjini Perth, Australia, dhoruba kali ya Mei 1994 iliharibu nyaya na kuwaacha wateja wengi gizani, na mwaka 1996 serikali ya jimbo la Australia Magharibi ikaanzisha mpango wa kuhamishia chini ya ardhi umeme wa vitongoji vya zamani, gharama zikigawanywa kati ya serikali, shirika la umeme na halmashauri za maeneo husika. Hata hivyo, msiwaahidi watu kwamba umeme hautakatika tena. Hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za kupita: tawi linagusa waya, linaanguka, swichi inajirudisha yenyewe na umeme unaendelea. Hitilafu ya kebo ni ya kudumu, na kuirudishia umeme ni kuongeza uharibifu, ndiyo maana laini ikishakuwa ya kebo pekee swichi haziachwi zijirudishe zenyewe. Hitilafu zitapungua, lakini kila moja itachukua muda mrefu zaidi kutafutwa, kuchimbuliwa na kutengenezwa. Kwa sababu hiyo kebo za msongo wa kati, kwa mfano za kilovolti 11, hupangwa kwa mzunguko kutoka transfoma moja hadi nyingine, ili kipande kibovu kikitengwa nyumba zilishwe kutoka upande wa pili. Mkiona kwenye mchoro mkia mrefu usio na njia ya kurudi, muulizeni mbunifu sababu kabla mtaro haujaanza.

Ardhi ya mtaa wa zamani imejaa vitu. Kuna mabomba ya maji, ya gesi na ya majitaka, kuna kebo za simu, na pengine kuna kebo ya umeme ambayo hakuna aliye kazini anayeikumbuka. Ramani za mashirika hutoa picha ya jumla tu, kwa sababu vipimo vingi vya zamani vilichukuliwa kutoka kwenye uzio au ukingo wa barabara ambao umekwisha kuhamishwa. Kifaa cha kutafutia mabomba na nyaya husaidia sana, lakini hakiwezi kulisikia bomba la plastiki lisilo na waya wa kulitambulisha. Kila mahali ambapo njia yenu inakatiza njia ya kitu kingine, chimbeni shimo la majaribio kwa mkono hadi mkione kitu hicho kwa macho, mkipime kina chake, na mkiandike.

Mahali pengi siku hizi hatuchimbi mtaro kabisa; tunatoboa kwa mlalo kutoka shimo moja hadi jingine, kichwa cha mtambo kikiwa na kirusha mawimbi ambacho mtu aliye juu ya ardhi anakifuata na kusoma kina chake, huku tope la bentonaiti (udongo laini unaovimba ukilowa) likishikilia tundu lisiporomoke. Njia hii hutuepusha kuweka vizuizi barabarani, na huokoa pia mizizi ya miti mikubwa, jambo ambalo lina uzito wake, kwa kuwa mti uliokatwa mizizi ya upande mmoja unaweza kuangushwa na upepo ule ule tunaoukimbia. Hatari yake ni kulitoboa bomba la majitaka bila mtu yeyote kujua. Bomba letu la kupitishia kebo linabaki limepita katikati ya lile la majitaka, na baada ya muda lile la majitaka linaziba; fundi bomba anakuja na mashine yake ya kuzungusha visu, na visu vinakutana na kebo yenye umeme. Dai kamera ipitishwe ndani ya mabomba ya majitaka baada ya kutoboa. Wakikuambia kwamba bajeti haina fungu hilo, liandike dai lako kwa maandishi na ulipeleke kwa msimamizi.

Waya wa juu unapoozwa na hewa, ilhali kebo inategemea udongo ulioizunguka kuondoa joto lake. Kebo za kisasa zenye insulesheni (tabaka lisilopitisha umeme) ya polyethilini iliyoungamanishwa, aina ya plastiki, huruhusiwa kufikia nyuzijoto 90 katika matumizi ya kawaida, na kiwango cha mzigo zinachoweza kubeba hukokotolewa kwa kudhani udongo una unyevu fulani. Mchanga mkavu hupitisha joto vibaya. Kebo ikipata joto hufukuza unyevu uliobaki karibu nayo, na udongo unazidi kuwa mkavu. Kwa hiyo mchanga wa kulalia kebo uwe ule uliotajwa kwenye maelekezo, ushindiliwe kwa tabaka, na kifusi chenye mawe na vipande vya zege kisirudishwe mtaroni kwa kuwa tu lori la kukiondoa limechelewa. Jiwe lenye ncha likichoma ganda la nje, maji huingia taratibu, na kebo huharibika miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka mtaro huo ulifukiwaje.

Sasa maungio, yaani mahali kipande kimoja cha kebo kinapounganishwa na kingine. Kebo yenyewe imetengenezwa kiwandani katika mazingira safi. Maungio hutengenezwa ndani ya shimo, pembeni mwa barabara, na ndiyo maana hitilafu nyingi hutokea hapo au kwenye ncha za kebo. Mkipata nafasi ya kukaa karibu na fundi maungio mzoefu, kaeni naye na mtazame mikono yake. Baada ya kuvua tabaka jeusi linalopitisha umeme kidogo, atailainisha insulesheni nyeupe kwa msasa hadi isibaki mkwaruzo hata mmoja, kisha ataifuta kwa kitambaa chenye kiyeyusho. Angalieni anavyofuta: anaanzia kwenye ncha ya shaba au aluminiamu na kwenda kuelekea tabaka jeusi, wala harudishi mkono nyuma, kwa sababu chembe za kaboni zikiburutwa juu ya insulesheni zinaufungulia umeme njia ya kutambaa. Kitambaa kikishagusa tabaka jeusi kinatupwa. Hema linafungwa juu ya shimo hata kama mvua haionekani, kwa kuwa vumbi nalo ni adui, na ungio lililoanzwa humalizwa na yule yule aliyelianza. Ninaposikia msimamizi akiwahimiza mafundi maungio waharakishe, namwomba tuzungumze pembeni.

Kuhusu vipimo nitasema kwa ufupi, kwani mtafundishwa rasmi. Ganda la nje lipimwe mara tu baada ya kufukia, ili jeraha lipatikane mkandarasi angali na mashine zake pale. Kupima kebo kuukuu za polyethilini kwa volti kubwa za umeme wa moja kwa moja huacha chaji ndani ya insulesheni na kuidhuru, ndiyo maana mtaona kifaa cha mawimbi ya polepole ya hezi 0.1. Baada ya kila kipimo kebo itolewe chaji na kufungwa kwenye ethi, yaani kuunganishwa na ardhi, kwa sababu kebo ndefu huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa.

Ndipo tunafika kwenye kuhamisha nyumba. Kutoka kwenye sanduku la mgawanyo, ambalo mara nyingi husimama mpakani mwa viwanja viwili na kuzihudumia nyumba zote mbili, kebo ndogo hupelekwa hadi kwenye mita. Kipande hicho kifupi cha mwisho kimo ndani ya mali ya mtu, chini ya maua yake na sakafu yake, na kinahitaji idhini yake na subira yenu. Nendeni mkamwone mapema, mkamwonyeshe kwa mkono mahali mtakapopita, na mwulizeni kama ana jenereta au paneli za jua, kwani vyote viwili vinaweza kurudisha umeme kwenye laini mliyoizima. Siku ya kuhamisha, jambo la kwanza kulinda ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Nyutro ikiachia wakati fezi tatu (nyaya zinazoleta umeme) zingali zinalisha nyumba mbalimbali, baadhi ya nyumba za volti 230 zinaweza kupata volti zinazokaribia 400, na kila kifaa kilichowashwa kiko hatarini. Kazeni nyutro kwanza, na muikague tena kabla ya kuwasha. Pimeni volti kati ya fezi na nyutro, kisha kati ya fezi na ethi. Penye fezi tatu, hakikisheni mpangilio wake haukugeuka, kwa kuwa pampu na mota nyinginezo zitazunguka kinyume. Andikeni kila nyumba iliyohamishwa, saa na sanduku inalotoka, katika daftari moja lililo mikononi mwa mtu mmoja. Madaftari mawili hutofautiana kabla ya jioni.

Kebo iliyozimwa haitofautiani kwa macho na yenye umeme, hasa zinapolala kadhaa katika mtaro mmoja. Msiikate kebo yoyote kwa kuamini lebo peke yake. Itambueni kwa kifaa, kisha, ili kuthibitisha kwamba haina umeme, itobolewe kwa bastola ya kutobolea inayofyatuliwa kutoka mbali, watu wote wakiwa nje ya shimo.

Nguzo zinapoanza kung'olewa, kumbukeni vitu vingine zilivyokuwa zikibeba. Taa za barabarani zinahitaji kebo na milingoti yake. Nyaya za simu na intaneti mara nyingi ni za makampuni mengine, na kama hawakukubaliana nanyi mapema, mtaa utabaki na nguzo zilizojaa nyaya zao. Kuna pia jambo lisiloonekana: katika mitandao mingi nyutro ilikuwa imefungwa ardhini kwenye nguzo kadhaa, na kila nguzo inayoondoka inaondoka na ethi yake. Ethi mpya kwenye masanduku na vibanda vya transfoma ziwe zimekwisha kupimwa kabla ya nguzo ya kwanza kuguswa.

Michoro ya kazi ilivyofanyika ichukuliwe vipimo mtaro ukiwa wazi, na pamoja nayo picha yenye futi iliyolazwa juu ya kebo, kina, na mahali pa kila ungio. Ipelekeni kwenye chumba cha udhibiti kabla ya kipande hicho kuwashwa, msingoje mradi mzima ukamilike, kwa sababu anayepokea simu za usiku katika kipindi cha mitandao miwili anahitaji kujua nyumba inayopiga inalishwa na upande upi.