Nimejikubali, Mbona Sibadiliki?

*Mhariri, kwa miezi minne sasa nasimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia mara 20, "Mimi ni mtu wa thamani, nimefanikiwa." Kisha nafumba macho na kujiona nimemaliza masomo niliyoyaacha, watu wananipongeza. Nikifumbua macho najiona duni kuliko nilivyoanza. Nakosea wapi?*
*Msomaji wa kike, miaka 34*

Pole sana, dada. Bidii unayo. Zoezi lenyewe ndilo lenye kasoro, tena mbili.

Ya kwanza ni ile kauli ya kwenye kioo. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio ambalo watu walitakiwa kujirudiarudia kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajithamini tangu awali walinufaika kidogo. Waliojiona duni walizidi kusononeka. Ukijitamkia jambo ambalo moyo hauliamini, moyo hukujibu papo hapo kwa ushahidi wa kupinga. Ukitamka mara 20, umepingwa mara 20.

Kujikubali ni kutaja kilichopo bila kukipunguza wala kukitia chumvi. Chukua kalamu uandike sentensi tatu. Kwanza tukio na uchungu wake: "Niliacha masomo mwaka wa pili, na bado inaniuma." Pili, wenzako: "Wengi huishia njiani kama mimi." Tatu, maneno ambayo ungemwambia rafiki yako mpenzi aliyefikwa na hilohilo. Mpangilio huu unafuata nguzo tatu alizozieleza mwanasaikolojia Kristin Neff wa Marekani mwaka 2003, katika kazi yake juu ya kujihurumia. Wengi huliharibu zoezi kwenye sentensi ya kwanza, wanaandika hukumu mahali pa tukio. "Mimi ni mzembe" ni hukumu, na haina pa kushikia. "Sikufungua daftari kwa siku kumi" ni tukio, na kesho linaweza kuwa tofauti.

Kasoro ya pili ni picha ya pongezi. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti wake wa 1991, wanawake waliokuwa wakijitahidi kupunguza uzito na ambao ndoto zao zilikuwa tamu kupita kiasi walipungua kidogo kuliko wenzao. Akili ikishaonja ushindi, mwili hulegea kana kwamba kazi imekwisha. Katika utafiti mwingine, yeye na mwenzake walipima shinikizo la damu la watu waliokuwa wakiota ushindi, wakaona linashuka. Mwaka 1999 ukachapishwa utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu huko Los Angeles: waliojiona wameketi wakisoma walisoma zaidi na kupata alama za juu kuliko waliojiona wakishangilia matokeo.

Basi panga dakika 12, wakati mmoja kila siku. Nne za kwanza ni za pumzi (tunaeleza hapa chini), tatu za sentensi zako, na tano za taswira. Katika hizo tano, chagua jambo moja linalowezekana ndani ya wiki nne, kwa mfano kusoma nusu saa kila jioni. Dakika moja tu itoshe kwa matokeo mazuri. Kisha jiulize: ndani yangu mimi, ni nini kitakachonizuia? Hapa usikimbilie kuwataja watu wa nyumbani au wingi wa kazi. Tafuta kile unachokifanya wewe mwenyewe: labda ukifungua kitabu unaona aibu, ukashika simu. Kitazame kizuizi hicho kwa utulivu mpaka ujue kinaanzia dakika gani. Malizia kwa sentensi moja ya "nikiona hivi, basi nitafanya hivi": "Nikihisi ile aibu, basi nitasoma ukurasa mmoja kwa sauti." Usiandike "sitashika simu", kwa sababu katazo hukuletea akilini kilekile unachokikimbia. Wala usiandike "nitajitahidi", kwani hakuna mkono unaojua kujitahidi. Mkono unajua kufungua ukurasa.

Kioo kiache kwa sasa.

*Kila nikikaa kimya moyo unaenda mbio, na mawazo niliyoyazika yanafufuka. Je, utulivu si wa watu kama mimi?*
*Msomaji wa kiume, miaka 27*

Ndugu, yanayokupata yanawapata wengi, na mara nyingi chanzo ni jinsi ya kupumua. Mtu huambiwa "vuta pumzi ndefu", naye anavuta kwa nguvu, tena na tena. Kaboni dayoksaidi katika damu hupungua, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafa ganzi, moyo unadunda. Kisha anadhani hofu yake imezidi.

Vuta kwa pua, pumzi ya kawaida, ukihesabu hadi 4. Toa taratibu ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hizo ni pumzi sita kwa dakika. Faida iko katika kutoa: wakati huo neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, huupunguzia moyo mwendo. Kama 4 na 6 zinakubana, anza na 3 na 4. Macho usiyafumbe, yatulize sakafuni, hatua mbili mbele yako. Anza na dakika mbili, uongeze moja kila wiki.

Mawazo nayo usiyafukuze. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe walimfikiria mara kwa mara, na walipoachiwa huru wakamfikiria zaidi. Lipe wazo jina la neno moja, "hofu" au "kumbukumbu", urudi kwenye kuhesabu. Ukirudi mara 30 katika dakika nne, umefanya zoezi barabara, maana kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Ila kama yanayofufuka ni kumbukumbu za kupigwa, kudhulumiwa au ajali, usiendelee peke yako. Simama, tembea, gusa kitu kilicho karibu, na umtafute mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili.

*Nikifumba macho naona giza tu. Sijawahi kuona picha hizo mnazozisema. Nifanyeje?*
*Msomaji, miaka 67*

Shikamoo, mzee wetu. Huna upungufu wa kutibu. Wapo watu ambao akili zao hazichori picha kabisa, na mwaka 2015 daktari wa ubongo na neva Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina, afantasia. Miongoni mwao wamo hata wachoraji. Tumia njia nyingine: simulia hatua kwa sauti ya chini, au zifanye kwa mikono bila vifaa. "Naketi, nafungua, nasoma" iliyotamkwa polepole inatosha.

*Nikijikubali nilivyo, je, sitabweteka? Na nisubiri siku ngapi nione mabadiliko?*
*Msomaji wa kike, miaka 41*

Dada, hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu waendelee kujichapa kwa maneno. Watafiti Juliana Breines na Serena Chen waliipima mwaka 2012: wanafunzi walioshindwa mtihani wa kwanza kisha wakaelekezwa kujitendea kwa upole walitumia muda mwingi zaidi kujiandaa kwa wa pili. Anayejua hatajitukana akikosea huthubutu kulitazama kosa lake.

Kuhusu siku, zile 21 zinazotajwa sana ni chache mno. Watafiti wa London walifuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukiruka, usilipize kwa dakika 24 kesho yake. Rudi kwenye 12.