Kuweka soketi za AV kwenye TV ya chogo isiyokuwa nazo

Mkuu, umesema TV yako ya chogo ya inchi 21 ina tundu la antena tu, king'amuzi ulichopewa kinatoa AV (nyaya za picha na sauti, ya njano ikiwa ya picha) peke yake, na ulipofungua mfuniko wa nyuma ukakuta kwenye bodi matundu matupu yameandikwa VIDEO IN, L na R. Unauliza kama ukinunua soketi tatu ukazichomelea hapo kazi imekwisha. Wawili wameshakujibu "chomelea tu". Mimi nasema subiri kwanza.

Kazi hii nimeifanya sana, hasa kuanzia mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine ikafuata. Watu walikuwa na TV nzima, picha safi, ila hazina pa kuchomeka king'amuzi. Viwandani walikuwa wanatengeneza bodi moja kwa modeli kadhaa: ya bei kubwa inapangwa vifaa vyote, ya bei nafuu baadhi ya matundu yanaachwa wazi. Kwa hiyo njia za shaba unazo tayari. Tatizo ni kwamba soketi ni sehemu ndogo tu ya vilivyoachwa.

Swali la kwanza halihusu hata AV. Je, graundi (njia ya pamoja ya hasi) ya bodi yako imetengwa na umeme wa ukutani? Kuna TV nyingi za zamani ambazo hazijatengwa. Umeme wa volti 230 unaingia kwenye dayodi nne, unatoka kama volti 325 hivi za DC kwenye ile kapasita kubwa kuliko zote, na hasi ya kapasita hiyo ndiyo graundi ya bodi nzima, kuanzia tyuna (kisanduku cha bati kinachopokea mawimbi ya antena) mpaka spika. Mwenye TV hadhuriki kwa sababu kila anachogusa ni plastiki, na tundu la antena limetenganishwa na vikapasita na rizista kubwa zilizofichwa ndani yake. Wewe ukichomelea soketi ya AV hapo, pete yake ya nje inakuwa na umeme wa ukutani. Waya ukiuchomeka, umeme huo unahamia kwenye king'amuzi, unapanda mpaka dishi la bati juu ya paa. Hapo ndipo "chomelea tu" inapoua mtu.

Kupima ni rahisi. Chomoa TV ukutani, iache ikae, kisha pima volti za ile kapasita kubwa uhakikishe imekwisha chaji. Bado iko na chaji? Imalize kwa rizista ya wati kadhaa, usiishoti kwa bisibisi. Kofia ya mpira iliyobandikwa kwenye chogo lenyewe usiiguse kabisa, humo mna maelfu ya volti na huwa zinabaki hata TV ikiwa imezimwa. Sasa weka mita kwenye ohm, ncha moja kwenye hasi ya kapasita kubwa, nyingine kwenye bati la tyuna. Nasema bati la tyuna lenyewe, si pete ya nje ya tundu la antena, maana pete hiyo itakudanganya. Mita ikisoma sifuri au karibu na sifuri, chasisi (bodi nzima na saketi zake) haijatengwa na habari ya soketi iishie hapo. Ikisoma mamilioni ya ohm, imetengwa. Usishangae ukikuta megaohm 4 au 8 badala ya mita kukaa kimya kabisa. Kuna rizista imewekwa makusudi kuvuka mpaka ule, mara nyingi pamoja na kapasita ya bluu.

Kama haijatengwa, tafuta deki ya zamani ya VHS yenye AV IN na RF OUT (tundu la kutolea picha kwa njia ya antena). King'amuzi unakichomeka kwenye deki, deki unaipeleka kwenye tundu la antena, kisha unaitafuta chaneli yake kwenye TV. Picha ikija lakini sauti ni mkwaruzo mtupu, basi deki na TV zinatofautiana mfumo wa sauti, moja iko megahezi 5.5 na nyingine 6.0. Ingia kwenye menyu ya TV ubadilishe kati ya BG (5.5) na I (6.0).

Kama imetengwa, twende kazi. Video ya AV ni volti 1 kutoka chini mpaka juu ikiwa imefungwa kwenye ohm 75. Pembeni ya tundu la soketi ya njano utaona nafasi ya rizista inayokwenda graundi: hiyo ndiyo ya ohm 75, na ndiyo mafundi wengi wanaiacha kwa sababu picha inakuja hata bila hiyo. Inakuja, ndiyo, ila mawimbi yanakuwa karibu mara mbili ya kawaida, nyuso zinang'aa kama zimepakwa unga na mara nyingine picha inajikunja juu. Baada yake kuna rizista ndogo ya mfululizo, halafu kapasita, halafu njia inaelekea kwenye IC (kile kipande cheusi chenye pini nyingi). Thamani zake zitoe kwenye mchoro wa saketi wa chasisi hiyo.

Sasa angalia namba ya IC kubwa. Ikiwa ni TDA9381, ambayo chogo nyingi za Kichina wanaitumia, una bahati. Video ya ndani inaingia pini ya 40 na ya nje pini ya 42, na IC yenyewe ndiyo inayochagua. Chasisi nyingine zinatumia swichi ya pembeni, 4053 au 4052, na hapo utakuta matundu 16 matupu. Kuwa makini sana na matundu hayo. Kiwanda kisipoweka swichi kinaweka jampa (kipande cha waya cha kuunganishia) ili video ya tyuna ipite moja kwa moja. Niliwahi kuletewa moja ambayo fundi wa kwanza alishapanga kila kitu, soketi zimekaa vizuri, 4053 imechomelewa safi, lakini AV ikiwashwa picha ya king'amuzi inakuja na chenga za tyuna zinacheza nyuma yake. Nikainua IC kidogo: jampa ya waya mtupu imelala chini ya tumbo lake, bado inaunganisha kuingia na kutoka. Niliikata kwa koleo, chenga zikapotea.

Usisahau pia transista ndogo inayoiamrisha swichi hiyo. 4053 ikilishwa volti 9 inahitaji kama 6.3 ndipo ikubali kwamba imeamriwa, na prosesa inatoa 5 tu. Bila transista utaweka IC mpya hata tano na hakuna itakayogeuka.

Upande wa sauti hauna mengi. TV yako ina spika moja, basi L na R usiziunge waya kwa waya. Weka rizista ya kilo-ohm 1 kwa kila moja, zikutane baada ya hapo.

Bodi hizi za kahawia zina shaba upande mmoja na gundi yake imechoka. Pasi ya kuchomelea ya wati 30 au 40 inatosha, risasi ya zamani ivute kwa pampu, na usikandamize, maana shaba ikibanduka utaanza kuunga nyuzi.

Ukimaliza kila kitu na TV haikupi AV, usianze kufumua. Programu yake imeambiwa kwamba AV haipo. Utaingia menyu ya fundi, ukurasa wa OPTION, uiwashe. Namna ya kuingia inategemea chasisi. Piga picha kila ukurasa kabla hujabonyeza chochote, kwa sababu ukivuruga OPTION nyingine TV inaweza kugoma hata kuitikia rimoti.

Pima tyuna kwanza, halafu weka hapa picha ya chini ya bodi kuzunguka matundu hayo na namba ya IC kubwa, nikuonyeshe jampa ziko wapi.