Asili ya wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye kitalu kimoja cha miche hapa Njombe kuna bango: "Mikaratusi ya asili inauzwa." Mwenzangu anasema ni sawa, maana hata babu zetu waliikuta. Je, ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Marahaba. Kisarufi bango halina kosa. Ngeli imetulia, na siku hizi hilo tu ni la kushukuru. Tatizo ni kwamba linadanganya.

Asili tulilipata kwa Waarabu: shina, chimbuko. Kila kitu kina chimbuko, hata nailoni, kwa hiyo neno hili likiachwa peke yake halisemi lolote. Wafanyabiashara wamelifanya chumvi, wanalinyunyiza kila mahali: juisi ya asili, sabuni ya asili, nywele za asili zilizotoka kwenye pakiti. Juzi sokoni nimekuta "asali ya asili". Nikamwuliza kijana, isiyo ya asili hutengenezwa na nani? "Mzee, hii ni ya asili kabisa." Kumbe asili ina madaraja! Nilipombana akasema imetoka Tabora. Sasa si angeandika "asali ya Tabora"? Ningebeba chupa mbili. Nikaondoka mikono mitupu, naye akaninunia.

Turudi kwenye mti. Jina lake limetoka katika Kigiriki, "kilichofunikwa vizuri", kwa sababu tumba la ua lina kifuniko. Mkaratusi maarufu kwa mafuta ya kujifukizia mafua, Eucalyptus globulus, asili yake ni Tasmania na kusini mwa Victoria, huko kusini-mashariki mwa Australia. Magharibi mwa Australia unapandwa kwa mashamba makubwa, na huko pia ni mgeni! Upo na ndugu yake, deglupta, wenye gome la rangi za upinde wa mvua: kwao ni Mindanao kule Ufilipino, Sulawesi ya Indonesia na Papua New Guinea, na porini Australia hauoti kabisa. Kenya ilianza kuletewa mikaratusi 1902, ipatikane kuni ya garimoshi.

Babu aliikuta, sawa. Hata baiskeli aliikuta.

Watu wa misitu nao husema "miti ya asili", wakiitofautisha na ya kupandwa. Hao nawavumilia, kwani wanamaanisha mninga na mvule.

Mwambie mwenye kitalu aandike "Mikaratusi inauzwa", basi. Akiona bango limepwaya, aongeze "ya Australia". Rangi nitanunua mimi.