Unga wa homoni kwenye pumba: utafika kwenye kongosho?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga nguruwe hapa Buhongwa, Mwanza. Kuna muuzaji anapita na unga anaosema una CCK, homoni ya kuamsha kongosho. Ananiambia nichanganye kwenye pumba ili nguruwe wale zaidi na kunenepa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hela yako iache mfukoni kwanza.

CCK, kwa kirefu kolesistokinini, ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, vile vijenzi vya protini. Ipo ya nguruwe yenye asidi amino 33, lakini nguvu yake imekaa kwenye 8 za mkiani. Tano za mwisho kabisa ni zilezile za gastrini, homoni inayochochea asidi tumboni. Sasa mbona kazi ni tofauti? Kwenye CCK, asidi amino ya saba ukihesabu kutoka mkiani ni tairosini iliyobandikwa salfeti. Ibandue, na kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea homoni, kinachobana mfuko wa nyongo na kuchochea kongosho hakiitambui vizuri tena. Nguvu inashuka mamia ya mara. Gastrini tairosini yake ni ya sita. Nafasi moja tu, na kipokezi hicho hakiijali sana. Ncha ya mkia nayo sharti ifungwe kwa amidi, kikundi kidogo cha kemikali.

Umbo la namna hiyo halivumilii safari ya tumboni. Pepsini na tripsini, vimeng'enya vinavyokata protini, hazijui hii ni homoni na huyu ni dagaa, zote zinakatwakatwa. Ndiyo maana wenye kisukari hudungwa insulini, hawainywi.

Tena huyo muuzaji kajichanganya mwenyewe: CCK hushibisha! Ingefika kwenye damu, nguruwe wako wangeacha hori mapema.

CCK ya kweli hutolewa na seli za ukuta wa utumbo mwembamba zikikutana na mafuta na vipande vya protini. Dagaa wa Mwaloni Kirumba wanaifanya kazi hiyo vizuri tu, ila wachekeche, mchanga huwa mwingi.

Ninachokiogopa zaidi ni soya mbichi. Ina kizuizi cha tripsini. Kwa panya na vifaranga, tripsini ikizuiwa CCK hupanda na kongosho huvimba kwa kufanyishwa kazi mfululizo. Kwa nguruwe, protini hupita bila kumeng'enywa na ukuaji hudumaa. Ikaange au ichemshe vizuri kabla ya kuipeleka mashineni.